Kanyaga, Shikilia, Achia

Pedali ilizama Jumatatu, tukikaribia Mpunguzi,
ikalala sakafuni kama mbwa aliyechoka kufukuzwa.
Gia ikagoma. Nyuma kreti kumi na moja za zabibu,
na upepo wa Agosti, ule unaokausha hata mate.
Ndahani akasema, "Ni wewe. Mguu wako haubanduki klachini."
Nikamjibu neno ambalo silirudii hapa.
Zabibu zikamalizia safari kwa toroli.
Sisi tukanyamaziana.

Fundi Chilongani wa Kizota alibadilisha silinda ya chini,
ile ya ubavuni mwa giaboksi,
akapokea elfu arobaini, akasema, "Mama, nenda salama."
Nilikwenda salama mpaka Alhamisi.
Nikafunua kikopo: kitupu tena.

Basi nikatandaza boksi la sabuni chini ya pikapu,
nikalitegea usiku kucha kama anayevizia panya.
Asubuhi, kavu.
Sasa yanakwenda wapi?
Wanasema mafuta haya hunywa unyevu wa hewa.
Hapa kwetu, bomba linapotoka mara mbili kwa juma,
na yapate tabu yakiutafuta.

Nikafuta kila kiungo kwa kanga kuukuu,
nikajaza kikopo, nikakanyaga pedali mara hamsini,
boneti nikaiacha wazi. Kazi nyingine nikaliachia vumbi.
Vumbi letu halina adabu, huingia hata kwenye chumvi,
lakini halisemi uongo:
penye majimaji hung'ang'ania.
Likavuma kutwa.
Jioni nikamulika kwa tochi ya simu.
Silinda ya chini, safi. Mpira, safi. Bomba, safi.
Ila huku juu, nyuma ya masta silinda,
mstari wa tope jekundu, mwembamba kama wanja,
unaingia tunduni, unapotelea ndani ya gari.

Ndani!
Nikavuta zulia la miguuni. Lilinata.
Chini yake rangi ya bati imefanya malengelenge,
imebambuka upana wa kiganja,
na sifongo imeshiba.
Miezi mingapi nimeyakanyaga kwa viatu vyangu,
nikidhani ni mvua ya masika?

Raba mbili, ndogo kuliko kifuniko cha soda.
Elfu sita, duka la spea karibu na Sabasaba.
Muuzaji akauliza, "Fundi wako nani?"
Nikasema, "Nipe raba."

Niliiosha silinda kwa mafuta yake yenyewe;
petroli ingevimbisha raba.
Mdomo wa raba uelekee kule yanakosukumwa.
Mara ya kwanza niliugeuza kinyume.
Nikafungua tena, nikachubuka kidole, nikatukana.

Ila upepo hautolewi na mtu mmoja.
Mmoja awe juu na pedali, mmoja chini na spana ya kumi.
Nikasimama mlangoni, mikono imeloa.
"Njoo ukanyage."
Akaja na kandambili zake.

Kanyaga.
Shikilia.
Achia.

Povu, kama la kufulia.

Kanyaga. *Nimekanyaga.*
Shikilia. *Nimeshika.*
Achia.

Siku sita, na hayo ndiyo mazungumzo yetu.
Mara ya kumi na saba akasema, bila kuulizwa,
"Imeanza kuwa ngumu."
"Endelea."
Akaendelea. Kisha, taratibu:
"Hili zulia nililiona limelowa, tangu mwezi wa sita.
Nikadhani umemwaga chai."
Sikujibu. Nilikuwa chini ya gari,
na tone la mwisho lilikuwa linatoka bila povu.

Usiku tukapakia kreti mpya.
Alfajiri, kabla ya kengele ya kanisa,
nikachungulia chini ya pikapu:
boksi limelowa.
Doa bichi, kubwa kama sahani.
Nikapiga magoti, nikachovya kidole, nikanusa.
Kisha nikaona sisimizi,
msafara mzima,
wanatoka ukutani kuja kunywa.
Nikalamba kidole.
Zabibu.